Chaneli ya Mama Mkwe

Nyumba yetu ya Kabanga, wilayani Ngara, iko karibu sana na mpaka. Alfajiri jogoo wa Burundi akiwika, tunamsikia. Mimi si mzaliwa wa hapa. Nilizaliwa Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo, kwa wazazi Wasukuma waliofuata malisho ya ng'ombe, nikaja kuolewa kwa Wahangaza. Kisa ninachosimulia ni cha tivii moja, rimoti moja, na swali lililotugombanisha msimu mzima: chaneli ipi iwe chaneli ya nyumba hii?

Bomba la baba mkwe

Tivii ya kwanza ya nyumba hii ilikuwa ya chogo. Marehemu baba mkwe aliinunua kabla umeme haujafika kijijini, akaiendesha kwa betri ya gari, na betri ikiisha inapelekwa Ngara mjini kuchajiwa. Nyuma ya jiko alisimika bomba la chuma, juu yake akafunga antena, akaigeuza huku na huku mpaka chenga zikapungua. Picha safi ilitoka upande mmoja tu, magharibi, ng'ambo ya mpaka. Vituo vya Dar es Salaam vilikuwa mbali na milima imekaa katikati. Cha Burundi kiliingia bila kubisha hodi.

Kwa watu wa mpakani hilo halikuwa ajabu. Baba mkwe mwenyewe aliiona televisheni kwa mara ya kwanza Muyinga, Burundi, wala hakuwa amefika Dar es Salaam. Burundi ilianza kurusha picha mwaka 1984, Rwanda mwaka 1992. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, lakini huku Bara serikali iliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi changa, tukasubiri hadi 1994 ITV ilipoanza. Ndiyo maana mzee wa Ngara aliweza kuzijua sura za watangazaji wa jirani kabla hajaziona za kwao.

Mama mkwe hakusoma sana, na Kiswahili chake ni cha kuuzia ndizi na maharage. Lakini Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Taarifa ya habari ya ng'ambo, amakuru kwa lugha yao, aliisikia yote, neno kwa neno, akacheka panapochekesha na kusonya panapokera. Mimi ndiye niliyekuwa kiziwi. Nilipoletwa pale nikiwa mke mpya, nilikaa mkekani pembeni yake, naye akawa ananifasiria. Mvua ikionyeshwa ananiambia mvua. Waziri akikata utepe ananiambia daraja, ananiambia waziri, ananiambia na maoni yake juu ya waziri. Mavuno mawili hayajapita, nilikuwa namjibu kwa Kihangaza.

Naliweka hili mbele kwa sababu ndilo lililonifanya niumie baadaye. Wakwe wengi na wakamwana hawana ugomvi wowote. Wametenganishwa na ukimya tu, kila mmoja hajui aanzie wapi. Sisi tulianzia kwenye ile chaneli.

Ilikuwa na vituko vyake pia. Saa ya Burundi iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na kituo kile kiliandika saa pembeni mwa skrini. Siku moja Simba na Yanga wanacheza saa kumi na moja jioni. Shemeji yangu, Simba damu, alitupa jicho kwenye tivii akaona ni saa kumi, akajinyoosha kitini, akamalizia uji wake pole pole. Alipofika kwenye kibanda umiza, banda la kulipia kutazama mpira, timu zilikuwa zinaingia kipindi cha pili na mabenchi yote yamejaa. Tangu siku hiyo mama mkwe alitundika saa ya ukutani juu kabisa ya tivii, kila atakayetazama moja aione na nyingine.

Ulimwengu ukahamia dijitali. Dar es Salaam walizima mitambo ya analojia usiku wa 31 Desemba 2012, miji mingine ikafuata, na majirani nao wakaja kwa zamu yao. Shemeji alileta kisimbuzi kidogo cha antena, akakichomeka kwenye tivii ileile ya chogo, na mama mkwe akaendelea na kituo chake. Nguzo za umeme za REA, Wakala wa Nishati Vijijini, zilipofika mlangoni, betri ya gari ikastaafu. Nyumba ilikuwa na amani.

Dishi

Mei 2023 Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa klabu hiyo kucheza fainali ya Afrika, na mume wangu ni Yanga kwa kuzaliwa. Shemeji alimkumbusha kila siku kwamba Simba walishafika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, lakini maneno hayo yalizidi kumchochea. Fedha ya kahawa ilipotoka alipanda gari hadi Kahama, akarudi na tivii bapa, dishi na kisimbuzi cha kulipia.

Sebule ilijaa furaha, na kila mtu akaanza kudai chake. Mume wangu alitaka Ligi Kuu na taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Wifi yangu, aliyekuwa akiishi nasi akisubiri matokeo ya chuo, alitaka tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Watoto walitaka Ubongo Kids, ile katuni ya Kitanzania iliyoanza TBC1 mwaka 2014 na inayofundisha hesabu kwa nyimbo. Mwanangu wa kati alijua sehemu kabla mwalimu hajafika kwenye sehemu. Shemeji alitaka chochote ambacho si Yanga. Mama mkwe hakudai kitu. Hakujua kwamba kuna kitu cha kudai.

Fundi alitoka Benaco. Alitazama anga, akapiga hatua kuzunguka nyumba, akaona bomba nyuma ya jiko limesimama wima, imara, lina urefu wa kutosha. Akapanda, akafungua antena ya baba mkwe, akaiweka chini ukutani, akafunga dishi mahali pake. Ili aligeuze vizuri alilegeza bomba kwenye shimo lake, akalizungusha, akashindilia udongo kwa mguu. Zege hakuweka. Picha ikatoka, akalipwa, akaondoka na bodaboda.

Jioni ile mama mkwe aliingia sebuleni kama kawaida yake, akakaa mahali pake, akasubiri. Chaneli zilipita mbele yake moja baada ya nyingine, zote kwa Kiswahili cha kasi au Kiingereza. Hatimaye akauliza:

“Yule mama wa amakuru yuko wapi?”

“Mama, sasa tuna chaneli zaidi ya mia,” mume wangu akajibu kwa fahari.

“Sikuuliza ni ngapi, mwanangu. Nimeuliza yuko wapi.”

Hakuna aliyemjibu. Akakaa kidogo, akajifunga kanga vizuri, akaenda jikoni.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja. Redio yake ndogo, inayokaa Radio Kwizera saa zote, ilihamia jikoni pamoja naye. Kituo hicho kiko hapahapa Ngara tangu 1995, zama za kambi za wakimbizi, na mama mkwe hukichukulia kuwa mwanafamilia. Watoto, ambao hupenda hadithi za bibi yao kuliko wanavyokiri, wakawa wanatoroka tivii mmoja mmoja kwenda kukaa penye mafiga. Mimi nilikuwa napita katikati na sufuria, upande huu kelele za mpira, upande ule mama wa mume wangu ananyamaza. Nilimwambia mume wangu usiku: “Baba watoto, umeleta chaneli mia, umemtoa mtu mmoja.” Akasema fainali ikipita atamwita fundi.

Mbuzi na fainali

Mechi ya kwanza ya fainali ilikuwa Jumapili, tarehe 28 Mei, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga na USM Alger ya Algeria. Majirani walianza kufika mchana. Mvua ya kufunga masika ikanyesha, ikaisha, jua likatoka. Kisimbuzi kilipowashwa, skrini ilikuwa nyeusi na ujumbe mmoja: hakuna mawimbi.

“Mvua,” mume wangu akasema.

Maelezo yalikuwa na mantiki. Mawimbi ya dishi hutoka kwenye setelaiti iliyo angani kilomita karibu 36,000, na wingu zito la mvua huyapunguza nguvu njiani. Kila mwenye dishi amepata kuliona hilo. Wingu likipita, picha hurudi yenyewe. Safari hii wingu lilipita, na picha haikurudi.

Shemeji alichukua rimoti akaamua kutafuta chaneli upya. Kisimbuzi kisicho na mawimbi kikitafuta hakipati kitu, na kinachokipata ndicho kinachokihifadhi. Chaneli zote mia zikafutika. Mume wangu alishika kichwa. Mmoja akasema ni kifurushi kimeisha, mwingine akasema ni waya umeingia maji, jirani akapendekeza dishi lipigwe kofi. Muda wa mpira ulikuwa unakaribia. Kutoka upande wa stendi tulisikia vuvuzela za kibanda umiza. Ghafla wanaume wote wakatoka mbio, kila mtu na shilingi 500 yake mkononi, na wifi nyuma yao. Sebule ikabaki na viti.

Nilitoka nyuma nikamkuta mama mkwe anamfungua mbuzi wake. Miaka yote mbuzi yule jike amefungwa kwenye bomba la antena. Ndiyo nguzo yake, anaijua. Hakuna aliyemwambia mama mkwe kwamba bomba limebadilishwa kazi. Mvua ilipoanza mbuzi alivuta kamba kutafuta upenuni, akazunguka, akavuta tena, na udongo uliolainika ukaliachia bomba. Dishi lilikuwa limegeuka. Si kwa kiasi cha mtu kushtuka ukilitazama, lakini dishi la ukubwa ule likiyumba nyuzi moja au mbili tu limeshampoteza anayesema nalo.

“Mama,” nikamwambia, “ni mbuzi.”

Akamtazama mbuzi, akatazama dishi, akatazama alama ya mguu wa fundi kwenye udongo. “Mbuzi amefanya kazi ya mbuzi,” akasema. “Bomba la mume wangu halikuwahi kuyumba alipolishindilia mwenyewe.”

Siku ya fundi nilikuwa nimesimama na kutazama kila alichofanya. Nilijua ukurasa wa kisimbuzi wenye mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora. Nilijua pia mahali alipolielekeza. Setelaiti yetu iko nyuzi 7 mashariki kwenye mstari wa ikweta, na Ngara tuko karibu nyuzi 31, kwa hiyo dishi letu hutazama magharibi. Jirani yetu mwenye kisimbuzi cha setelaiti ya nyuzi 36, dishi lake hutazama juu zaidi na kuegemea kidogo mashariki. Watu wawili wakikaa nyumba pacha hapa Kabanga, madishi yao yanapeana mgongo.

Mama mkwe akashika bomba kwa mikono miwili. Mimi nikasimama dirishani, jicho kwenye skrini.

“Kulia kidogo, Mama. Bado. Bado. Umepita! Rudi taratibu.”

“Nirudi wapi?”

“Upande wa Burundi!”

Hapo akaelewa kabisa. Upande wa Burundi anaujua hata gizani. Akazungusha pole pole, mistari ikapanda, ubora ukaruka juu, nikapiga kelele asimame. Akasimama. Nikatoka na jembe na mawe, tukashindilia udongo kuzunguka bomba mpaka likawa halitikisiki, tukaongeza matofali mabichi yaliyobaki ujenzi wa banda. Mbuzi alihamishiwa kwenye mwembe. Nikarudi ndani, nikaanzisha utafutaji, chaneli zikaanza kujipanga. Mpira ulikuwa kipindi cha pili, Yanga wamefungwa moja.

“Njoo ukae, Mama,” nikamwambia.

Akaja. Akakaa mahali pake. Na mimi, niliyeingia nyumba hii sijui neno la Kihangaza, nikawa ndiye ninayemfasiria yeye. Nilimweleza nani ni nani, wenye kijani na njano ni wa mwanawe, wale wengine wametoka kaskazini ya mbali. Mshambuliaji Mayele alipowasawazishia Yanga zikiwa zimebaki dakika chache, mama mkwe alipiga kigelegele ambacho nina hakika kilisikika ng'ambo. Dakika mbili baadaye Waalgeria wakafunga tena, akawatukana kwa Kihangaza safi, na sikumfasiria mtu yeyote.

Wanaume walirudi kichwa chini, mbili kwa moja. Walitukuta tunajua mabao yote. Mume wangu alisimama mlangoni akitazama skrini inayong'aa, akatazama udongo kwenye mikono ya mama yake.

“Mama, umelitengenezaje?”

“Nimeligeuza,” akasema. “Sasa na wewe nigeuzie langu.”

Nyakanazi

Tarehe 3 Juni, kwenye mechi ya marudiano, Yanga walishinda Algiers bao moja bila, jumla ikawa mbili kwa mbili, na kombe likaenda kwa Waalgeria kwa sababu ya mabao yao ya ugenini. Mume wangu alikaa siku kadhaa hasemi na mtu, na ahadi ya fundi ikazama katika huzuni hiyo. Antena ya baba mkwe ikabaki ukutani.

Mwezi huo mdogo wangu alikuwa anaoa Biharamulo mjini, na kwa heshima ya familia mama mkwe alinisindikiza. Tulipita Lusahunga, tukateremka Nyakanazi kwanza kuwachukua shangazi zangu. Nyakanazi ni njia panda kubwa. Malori ya Rwanda, ya Burundi na ya Kongo hulala pale, mabasi ya Kigoma, ya Kahama na ya Bukoba hukutana pale. Tuliingia kwa mama lishe mmoja ninayemfahamu tangu utoto. Banda limejaa madereva, na juu ya kabati la soda kuna tivii inaonyesha Rwanda. Mama mkwe alikuwa amechoka na safari. Aliposikia Kinyarwanda, ambacho nacho anakisikia vizuri, akainua kichwa, akasahau chai yake.

Vijana wawili wa pale stendi walikuwa wanalalamika wawekewe mechi. Yule mama akawajibu bila kuacha kupakua ugali:

“Nyinyi kwenu si pale? Nendeni mkatazame kwenu. Huyu dereva ameacha mke Kigali, leo analala kwenye lori. Akitoka hapa anatazama wapi?”

Vijana wakanyamaza. Mimi pia nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimesikia jibu la swali letu la Kabanga. Tulikuwa tunagombana kuhusu nani anapenda nini zaidi, na kwa kipimo hicho hakuna atakayeshinda, maana kila mtu anapenda chake mpaka mwisho. Mama lishe wa Nyakanazi anapima kwa kitu kingine: anauliza nani hana pa kwenda.

Mkataba

Tuliporudi niliomba kikao. Nilisema mbele ya wote, na mume wangu akiwa mwenyekiti. Baba watoto akikosa mpira nyumbani ana kibanda umiza, tena huko ana wenzake wa kushangilia nao. Akikosa habari ya saa mbili ana redio na ana simu. Wifi ana simu, na tamthilia zina marudio. Shemeji ana stendi nzima. Watoto wana shule, uwanja na rafiki. Mama yetu akikosa chaneli yake ana jiko. Katika vituo vyote zaidi ya mia vya dishi hili hakuna hata kimoja kinachosema naye. Chake ni kimoja tu, na kilikuwa kinakuja bure kwenye antena ambayo tumeilaza ukutani.

Wifi alikuwa wa kwanza kukubali. Shemeji alisema antena na dishi vinaweza kukaa kwenye bomba moja, antena juu na dishi chini, na tivii bapa ina matundu mawili. Mume wangu alikuna kidevu, akauliza saa zitagawanywaje wakati tivii ni moja.

Mama mkwe ndiye aliyejibu. “Pale Rusumo,” akasema, “maji ya mto mmoja yanatengenezewa umeme wa nchi tatu. Nyinyi mlio tumbo moja mnashindwa saa?”

Hakuwa anabahatisha. Bwawa la Rusumo, hapahapa wilayani kwetu mpakani na Rwanda, limejengwa kwa megawati 80, na Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawasawa, kila nchi karibu megawati 27. Alikuwa amelisikia jambo hilo kwa lugha yake mwenyewe, kwenye chaneli ileile tuliyoifunga.

Safari hii shemeji na mume wangu walipanda wenyewe. Waliweka zege. Antena ikarudi juu ya bomba la baba yao, dishi likakaa chini yake, na kamba ya mbuzi ikapigwa marufuku kwa hatua kumi kila upande. Ratiba ikabandikwa ukutani chini ya ile saa. Asubuhi za Jumamosi na Jumapili ni za watoto. Saa ya amakuru ya ng'ambo ni ya mama mkwe, na ikigongana na habari za saa mbili, mume wangu huchukua redio. Tamthilia hufuata, kisha mpira. Fainali ya Afrika huvunja ratiba, kwa sharti kwamba mama mkwe aitwe naye awepo.

Mkataba haukuwa wa malaika. Wifi aliwahi kuficha rimoti ndani ya gunia la maharage, na watoto wamegundua kwamba bibi akisinzia chaneli inaweza kubadilishwa bila hati. Lakini jikoni hakuna mtu anayekaa peke yake tena, na watoto wangu wanaongea Kihangaza bora kuliko changu, pamoja na maneno mengine ya Kirundi ambayo hayana jina Kabanga.

Nasimulia haya kwa sababu najua kuna sebule nyingi, si Ngara tu, ambako mzee mmoja ameondoka kimya kimya baada ya dishi kuingia, na wenyeji wakadhani amechoka au ameanza kupenda kulala mapema. Kabla hujalipia kifurushi cha mwezi, hesabu watu wa nyumba yako. Muulize kila mmoja: chaneli hii ikizimwa, utakwenda wapi? Mwenye majibu mengi mpe zamu ya mwisho. Asiye na jibu, mpe rimoti.